Shemeji ndo kafanya wayaringi ya nyumba yetu, sasa bomba linapiga shoti na mume hataki fundi mwingine

BARUA

Shikamoo anti. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Buswelu huku Ilemela, nauza dagaa mwaloni Kirumba na mume wangu yuko mgodini upande wa Geita, anarudi mwisho wa mwezi akipata ruhusa. Naomba usinitaje jina mana ndugu wa mume nao wanasoma haya mambo kwenye simu.

Anti, nyumba yetu ni ya vyumba vitatu na sebule, tumejenga miaka mingi kidogo kidogo, hela ya vikoba, mkopo, biashara ikikubali tunanunua tofali ikigoma tunakaa. Tulipofika kwenye umeme mfuko ulikuwa umetoboka kabisa. Nikaanza kutafuta fundi wa bei ya chini. Jirani akaniunganisha na mkandarasi mwenye leseni, akaja na daftari lake akahesabu pointi zote, taa, swichi, soketi, akaniambia ufundi peke yake laki nne na nusu, vifaa nanunua mwenyewe. Mwingine ni kijana wa pale senta, yeye laki na themanini ila alitaka nusu aondoke nayo siku hiyo hiyo na hata jina lake la pili hakutaka kunitajia, nikaogopa. Mume wangu akasema sasa tunahangaika nini na mdogo wake yupo.

Huyu shemeji yangu hajapita chuo cha ufundi cha VETA wala wapi, amejifunzia kazini, anatembea na mafundi wengine huko Igoma na Nyakato anawashikia ngazi mpaka naye akaanza kupewa kazi zake. Ni kijana mzuri anti, hanywi, ana heshima, watoto wangu wanampenda. Akatufanyia kwa elfu themanini na chakula. Fomu ya kuombea umeme inataka mkandarasi mwenye leseni, shemeji akasema hilo dogo kuna mtu anamjua, huyo mtu akapewa elfu hamsini akagonga muhuri, nyumba yangu hajawahi kuiona mpaka leo. Tukalipia TANESCO ile 320,960 mana mtaa wetu umehesabiwa mjini, mita ikafungwa, umeme ukawaka, tukashukuru Mungu.

Sasa mambo niliyoyaona kwa macho yangu ni haya. Kiwanja chetu kina mawe, si unajua Mwanza ilivyo, siku ya kupigilia ile rodi ya ethi, ile ya kushusha umeme ardhini, nyuma ya nyumba iliingia kidogo ikagonga mwamba ikagoma. Shemeji akajaribu pembeni, ikagoma tena, akachukua msumeno wa chuma akaikata, akafukia kipande kama urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko, akasema inatosha hii kazi yake ni TANESCO waione tu. Halafu kwenye meni swichi kulikuwa na kile kifaa chenye kibatani kimeandikwa T, kilikuwa kinakata umeme kila mara, hasa tukiwasha hita ya kuogea, yani mtu yuko na sabuni kichwani giza. Shemeji akaja akasema hicho ni feki nimeuziwa, akakiruka, waya ukapita moja kwa moja, na kweli umeme haukukata tena.

Baada ya hapo ndo mtoto wangu wa mwisho, ana miaka sita, akatoka bafuni analia, mama maji yananiuma. Nikadhani sabuni imemuingia machoni. Kesho yake mimi mwenyewe nikashika bomba nikiwa peku nikasikia mkono umetetemeka mpaka begani. Nikaita kijana mmoja wa jirani akagusisha testa kwenye bomba, anti ile testa iliwaka taa. Na unit za LUKU siku hizi sielewi, naweka tunamaliza haraka kuliko zamani na vitu ni vile vile, taa, tivi, friji ndogo na hiyo hita.

Nikampigia mume wangu, nikamwambia nataka kumwita yule mkandarasi wa mwanzo aangalie nyumba nzima. Alikasirika ambavyo sijawahi kumsikia. Akasema ukimleta mtu mwingine unamwambia mdogo wangu kwamba si kitu, na itasemwa mjini, kazi zitamkauka. Akasema bomba kutetemesha kidogo ni kawaida mvua zikinyesha. Lazima nikwambie na hili, shemeji aliachia shule kidato cha tatu mwaka ule tunanunua kiwanja, ada haikupatikana, na mama mkwe mpaka leo anasema kile kiwanja kimekula shule ya mwanangu. Kwa hiyo nikimkataa shemeji kwenye hiyo nyumba, ndo nitaonekana nimemla mara ya pili.

Shemeji nimemwambia kiupole, akasema atakuja arekebishe, akaja akakaza kaza waya akapaka silikoni kwenye hita, siku mbili tatu kimya halafu ikarudi. Sasa hivi nikimuuliza anakuwa mkali.

Anti nifanyeje. Nimlete fundi mwingine mume akiwa mgodini, au nisubiri? Na fundi wa uhakika ambaye hatanichuna nampata wapi, mana laki nne na nusu kwa sasa sina. Na mama mkwe nimwambie nini, wiki hii hii anakuja kukaa kwangu.

Mama wa Buswelu


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na pole kwa mtoto.

Kabla sijaongea habari ya shemeji wala mume naomba jambo moja ulifanye leo, hili wala si la kujadiliana na mtu. Hita isitumike kabisa. Usiishie kuzima ile swichi yake ya ukutani, mana kama waya zimegeuzwa swichi inakata upande usio na moto na hita inabaki na umeme ndani yake japo taa yake imezimika. Nenda kwenye meni swichi ushushe breka inayoilisha, vaa ndala kavu na mkono uwe mkavu, na kama hujui ni breka ipi, kila mtu anapoingia kuoga zima meni swichi yote. Maji ya moto chemsheni kwenye jiko la mkaa kama zamani. Na ikitokea hita imezimwa kabisa na bomba bado linatetemesha, jua umeme unavuja sehemu nyingine, zima yote mpaka mtu wa kupima aje. Watoto waambie wasiguse bomba wala friji wakiwa peku. Ukishamaliza hapo rudi tuongee taratibu.

Barua yako nimeirudia kuisoma mara kwa mara. Juu juu unatafuta fundi wa bei nafuu, lakini naona kuna mambo mawili yamefungwa kwenye fundo moja. La kwanza ni la waya, nyumba inavujisha umeme na kuna watoto ndani. La pili ni la ukoo, kuna kijana aliyekosa ada, kuna kaka anayebeba hilo moyoni, kuna mama asiyesahau, na wewe uliyeolewa hapo katikati ndo unaombwa uthibitishe kila siku kwamba hukuja kumdhulumu mtu. Ukienda kutatua la waya kwa maneno ya ukoo, au la ukoo kwa maneno ya waya, utachanganyikiwa. Mumeo alipokasirika vile kwenye simu sidhani alikuwa anaongelea bomba.

Nilimsomea barua yako fundi mmoja mwenye leseni hapa mjini, bila kukutaja wewe wala mtaa wako. Alipofika kwenye ile rodi iliyokatwa akanyamaza, alipofika kwenye kifaa cha T kilichorukwa akaniambia rudia hapo. Ngoja nikueleze alivyonieleza mana ukielewa hutababaika mbele ya fundi yeyote.

Kile kifaa mafundi wanakiita RCCB. Breka ya kawaida, tuseme ya ampia 20, inasubiri mkondo mkubwa upite ndo ikate, iko pale kuzuia waya usiungue, haijui kama kuna mtu ameshika bomba. RCCB inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, ikiona unaotoka umepungua njiani inajua kuna mahali unavuja, inakata. Za nyumbani nyingi zimewekwa zikate kwa miliampia 30, hiyo ni sehemu ndogo sana ya ampia moja. Sasa mwanangu, kifaa kinachokata kila ukiwasha hita inawezekana ni kibovu kweli, sikatai, vifaa feki vimejaa. Lakini inawezekana pia kilikuwa ni mbwa anayebweka kwa sababu mwizi yuko uani kweli, na tukamfunga mdomo ili tulale. Kujua ni lipi kati ya hayo mawili hakuhitaji ubishi, kunahitaji mashine ya kupimia.

Na ile rodi nayo. Kazi yake ni kuupa umeme uliovuja njia ya kushuka ardhini badala ya kupitia kwenye mwili wa mtoto. Ikiwa fupi, kwenye kokoto na mwamba mkavu, njia hiyo ni nyembamba mno, kwa hiyo umeme unakaa kwenye chuma unamsubiri mtu mwenye miguu yenye maji. Mumeo amesema ni kawaida mvua zikinyesha. Kwamba mvua inabadilisha hali ni kweli, unyevu unasaidia uvujaji, lakini bomba kupiga mtu si kawaida, masika wala kiangazi. Kwa Mwanza mawe si sababu ya kukosa ethi, huku milimani watu wamejenga juu ya miamba na wana ethi nzuri. Kinachofanyika unatafutwa upande wa kiwanja wenye udongo hata kama ni mbali na nyumba, au rodi mbili tatu zinaunganishwa, au unachimbwa mtaro waya wa shaba unalazwa chini kwa urefu. Wengine wanaongeza mkaa na chumvi, inasaidia lakini chumvi inaondoka na mvua na inakula chuma, usitegemee hiyo peke yake. Halafu inapimwa, mashine inatoa namba ya omu, namba ikiwa ndogo ndo vizuri. Bila namba hiyo neno inatosha ni maoni tu, hata akilisema profesa.

Hapo kwenye unit kuisha haraka nako kuwe kwenye orodha ya kukaguliwa. Umeme unaovuja nao mita inaweza kuuhesabu, unaulipia unaenda ardhini. Sisemi ndo sababu, friji yenye mpira uliochoka nayo inakula sana, ila iulizwe.

Sasa kuna vitu umeviandika kama vile vimeshathibitika, naomba tuviangalie tena pamoja.

Umeandika mita ikafungwa tukashukuru Mungu, kana kwamba kufungiwa mita ni cheti. Mita ikishafungwa, kuanzia pale kuingia ndani ni mali yako na jukumu lako. Hakuna anayeweza kuona ndani ya ukuta uliopigwa plasta. Aliyetakiwa kuona ndani ya huo ukuta kabla haujafunikwa ni yule wa muhuri, na elfu hamsini yako ilinunua wino. Sikulaumu, kila mtu huko mtaani anafanya hivyo na mtu akiishiwa hela anashika kamba iliyo karibu. Ila ujue kwenye hesabu ya gharama zako hiyo elfu hamsini ilikuwa ni hela ya ukaguzi ambao haukufanyika.

Hapo hapo umeona kwamba leseni peke yake haimalizi kazi, kwa sababu hata aliyegonga muhuri ana leseni. Kwa hiyo ukifikiria yule wa laki nne na nusu kama mwokozi nenda taratibu, inawezekana ni mzuri sana, inawezekana pia atachukua hela atume vijana ambao hata shemeji yako anawazidi.

Lingine ni hili la shemeji kwamba ukimwita mtu umemkataa. Kwenye barua yote sijaona mahali ambapo shemeji mwenyewe amesema hivyo. Amesema mumeo. Shemeji umesema anakuwa mkali, na kijana mwenye heshima anayekuwa mkali ghafla, mara nyingi ni mtu anayeogopa. Pengine anajua kuna kitu hakijui, hana mashine ya kupima, hana wa kumuuliza, na nyumba yenyewe ni ya kaka yake ambapo hatakiwi kushindwa. Naweza nikawa nimekosea mana simjui. Wewe unamjua, je umewahi kumuuliza mkiwa wawili tu, shemeji hii kitu inakutatiza wapi?

Njia ulizonazo naziona kama nne hivi na kila moja ina miiba yake.

Unaweza kumwachia shemeji arudi tena. Hii haina gharama na ukoo unatulia. Lakini ameshakaza, ameshapaka silikoni, na silikoni haizuii umeme uliovuja kwenye koili ya hita. Bila kipimo atakuwa anabahatisha, na kila akibahatisha ni watoto wako wanaojaribiwa. Kama ndo utakayochagua basi angalau iwe na masharti, RCCB mpya inarudishwa mahali pake, hairukwi tena, na ikikata hita ikiwashwa, hita haitumiki mpaka itengenezwe.

Unaweza kumleta mkandarasi kimya kimya mume akiwa mgodini. Naelewa kwanini unalifikiria, mtoto amelia. Ila mtaa una macho, na mama mkwe anakuja wiki hii hii. Habari itamfikia mumeo kabla jioni haijaisha na atakayoisikia siyo ya bomba, ni ya mke aliyemzunguka. Waya zitapona, hilo lingine litachukua muda. Lakini sikwambii usifanye kabisa, mana kama umefika mahali ambapo hakuna anayekusikiliza na umeme unapiga watoto, mama anayo haki ya kulinda nyumba yake. Ukifika hapo mpigie simu mumeo kwanza, mwambie nafanya hivi leo saa fulani, siombi ruhusa wala sijifichi. Hiyo inauma lakini si kuzunguka.

Njia nyingine, na watu wengi hawajui kama ipo, ni kumlipa fundi apime tu. Asifanye kazi, apime na kuandika. Unatafuta fundi mwenye mashine ya kupima insulesheni, yani gamba la waya linalozuia umeme usivuje, hiyo wengi wanaiita mega, na ya kupima ethi, anakuja anazima umeme anapima saketi moja moja, anakuandikia kwenye karatasi taa sawa, soketi za chumbani sawa, hita mbovu, ethi mbovu. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na laki nne na nusu mana hakuna kuchimba ukuta, na inawezekana kabisa ukakuta sehemu kubwa ya kazi ya shemeji ni nzuri na tatizo ni sehemu mbili tu. Hilo ukiweza kumwambia mumeo lina uzito mwingine kabisa. Hatari yake ni mdomo wa fundi. Mafundi wetu wana tabia hii, akifungua tu boksi anauliza nani alikufanyia huu uchafu, hata kama kazi ni nzuri, kwa sababu anataka aipewe yote upya. Kwa hiyo mweleze kabla hajaja, fundi nakulipa kwa kupima, aliyefanya ni ndugu na atakuwepo, naomba heshima. Akikataa masharti hayo tafuta mwingine.

Na ipo ya kumshirikisha shemeji mwenyewe. Fundi mwenye leseni anaongoza, shemeji anafanya chini yake, wewe unalipa pungufu kwa sababu kazi ya mikono iko nyumbani. Shemeji anajifunza kutumia mega kwa mikono yake. Na kuna kitu naomba mumjulishe, VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini kama yeye, anafanyiwa tathmini ya ujuzi alionao, anajaziwa pale alipopungukiwa na anapata cheti bila kuanza shule upya. Waulizeni pale VETA Nyakato. Kaka yake anaweza kuisikia hii kama namna ya kulipa ile ada ya kidato cha tatu. Au anaweza kuisikia kama masimango, inategemea nani ataisema na kwa sauti gani. Mwiba wake ni kwamba si kila mwenye leseni atakubali kufanya kazi na mtu wa ukoo wa mwenye nyumba, na shemeji naye anaweza kuona ameshushwa kuwa saidia fundi kwenye kazi aliyoifanya yeye.

Kuhusu kumpata fundi wa bei unayoiweza. Leseni za kufunga umeme zinatolewa na EWURA, ile mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, na zina madaraja, hauhitaji mkandarasi mkubwa wa daraja la A anayejenga laini, kwa nyumba ya kuishi daraja la chini linatosha na huko ndo kwenye unafuu. Leseni ina jina, namba, daraja na tarehe ya kuisha, mwombe aitoe uisome, na EWURA wana ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza unaweza kuwauliza kama ni hai. Ukienda VETA ulizia walimu wa umeme wanawajua vijana wao waliomaliza na sasa wana leseni, walimu huwa hawapendi kuaibishwa kwa hiyo wanachagua vizuri. Duka la vifaa nalo litakupa fundi haraka sana, ila ujue wengine wanagawana faida, atakuandikia vitu vingi kuliko nyumba inavyotaka. Mimi ningeanza na jirani ambaye nyumba yake ina miaka kadhaa tangu iwekwe umeme. Usimuulize fundi wako mzuri? kila mtu atasema mzuri. Muulize ulimpigia tena baada ya kumlipa, alikuja?

Ukipata wawili watatu wape wote orodha ile ile ya kazi ndo ulinganishe bei, mana mmoja akihesabu pointi na mwingine akitaja jumla utadhani huyu ghali kumbe mwenzake ameacha ethi nje. Malipo gawa, kidogo akianza, sehemu akiwa katikati, inayobaki baada ya kupima mbele yako. Yule kijana wa senta uliyemwogopa, kukataa kutaja jina na kutaka nusu aondoke nayo, moyo wako ulikuwa umeona vizuri.

Vifaa kanunue mwenyewe na risiti iwe na jina la duka. Waya wa hita usiwe ule wa soketi. Kwa taa wanatumia waya wa unene wa milimita za mraba 1.5, kwa soketi 2.5, hita ya kuogea kubwa ya kilowati 5 inavuta zaidi ya ampia 20 kwa hiyo inahitaji 4 au 6 na breka yake peke yake toka meni swichi. Hebu angalia kama yako haikuvutwa kutoka soketi ya chumbani, ni jambo linalofanyika sana kuokoa waya. Na ukiwa dukani mwombe muuzaji akate kipande kidogo, kwangua ule uzi kwa wembe. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Ukikwangua ukakuta weupe, hiyo ni aluminiamu iliyovikwa shaba kwa juu, irudishe hata kama roli lina alama ya TBS mana alama nazo zinachapwa mtaani.

Sasa mume. Sitakuambia cha kumwambia mana wewe ndo unalala naye. Nitakuuliza tu, mlipoongea ulianza na lipi, mtoto au mkandarasi? Nina wasiwasi alisikia jina la mkandarasi kabla hajasikia maji yananiuma. Jaribu siku nyingine, akiwa ametoka zamu na amekula, umsimulie ya mtoto yote mpaka mwisho ukae kimya. Usitaje fundi. Mwache yeye aulize sasa tufanyeje. 

Halafu mwambie kitu kimoja ambacho pengine hajakifikiria, kwamba kazi za mdogo wake hazitakauka kwa sababu alikaguliwa. Zitakauka siku mtu akiumia kwenye nyumba aliyoifanya, na hapo haitakuwa habari ya kazi tu.

Mama mkwe. Huyu usimwache asikie kwa watu. Akifika tu, kabla hajaenda kuoga, mwambie mwenyewe kwa adabu. Unaweza kusema hivi, mama bafuni kuna umeme unavuja, mjukuu wako umempiga na mimi umenipiga, kwa hiyo hita nimeizima na maji nakuchemshia jikoni. Kijana wako anahitaji mashine ya kupimia ambayo hana, nataka tumtafutie mtu mwenye nayo wafanye wote wawili. Usiseme amekosea, na usiseme hajakosea. Halafu mwache aongee, hata kama atarudi kwenye kiwanja na ada, msikilize mpaka amalize. Pengine hakuna aliyewahi kumsikiliza kwenye hilo bila kujitetea. Naye ni mama, akishaelewa ni mjukuu wake aliyelia bafuni inawezekana yeye ndo akampigia mwanae wa mgodini kabla yako.

Ukipata karatasi ya vipimo niandikie zile namba jinsi zilivyo, nitamsomea yule fundi tena atueleze zinasema nini.